Kitoweo Pasipo Nyama: Maneno na Historia ya Chakula cha Watu wa Kipato Kidogo

Edward Steere, ambaye baadaye alikuja kuwa Askofu katika Unguja, alipochapisha kitabu chake cha sarufi na maneno ya Kiswahili mwaka 1870, alilikuta neno kitoweo, wala hakuridhika kulifasiri kwa neno moja tu la Kiingereza. Alilieleza kuwa ni kitu cha kuliwa pamoja na wali au ugali, akataja nyama, samaki na mchuzi kwa mfano. Kamusi ya Dk. Krapf ilitoka mwaka 1882, na ile ya Frederick Johnson mwaka 1939, na zote mbili zilifuata njia iyo hiyo. Nyama imo katika maelezo ya wote, lakini imo kama mfano, pamoja na mifano mingine. Neno lenyewe latokana na kitenzi towea, yaani kula chakula kikuu pamoja na kitu cha kukipa ladha na kukiteremsha kooni. Kwa hiyo kitoweo ni jina la kazi, na chochote kinachoifanya kazi hiyo katika sahani hustahili jina hilo: kunde, dagaa, kisamvu, au kipande cha papa mkavu.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, la kuwafaa watunga kamusi peke yao. Lakini lina uzito katika historia ya chakula cha Afrika Mashariki. Katika karne ya 20 wataalamu wa lishe waliofika nchi hizi waliuliza mara nyingi watu wanakula nyama kiasi gani, na maziwa kiasi gani. Jibu lilikuwa ni kidogo, na katika mahali pengi lilikuwa kweli. Ikafuata hukumu kwamba watu hawa hawapati chakula cha kujenga mwili. Mtu ambaye angaliuliza "mnatowea nini?" angalipata jibu refu zaidi, na jibu hilo limehifadhiwa katika maneno ya lugha kwa karne nyingi.

Ushahidi wa zamani kabisa wa pwani hii watupeleka baharini. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, kiitwacho Periplus, chataja kisiwa cha Menuthias, ambacho wenyeji wake walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja, wakavua samaki na kasa, tena wakawategea kwa vikapu vilivyowekwa penye mikondo ya maji kati ya miamba. Mvuvi wa Pemba wa siku hizi akisomewa maelezo hayo hatakawia kuutambua mtego wenyewe, kwani ndio dema. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii mwaka 916, aliandika kwamba chakula kikubwa cha Wazanji kilikuwa mtama na aina ya kiazi kichimbwacho ardhini, na pamoja na hivyo walikula asali, nyama na nazi. Ibn Battuta alipita mwaka 1331. Huko Mogadishu alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Lakini hiyo ilikuwa karamu ya wageni wa Sultani, na haifai kuipimia chakula cha mkulima. Alipofika Mombasa alisema wazi kwamba chakula cha watu kwa kawaida kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba nafaka ililetwa kutoka bara la pwani. Nyama haikutajwa hapo.

Wasafiri hao wote walikuwa wanaume waliokaribishwa barazani, na hakuna mmoja wao aliyeingia jikoni. Mbegu za jamii ya kunde hawakuziona, au waliziona wasizihesabu. Yaliyoachwa na vitabu yameonekana katika mchanga. Utafiti wa mabaki ya mimea uliochapishwa mwaka 2016 na Alison Crowther, Nicole Boivin na wenzao ulionyesha kwamba miji ya kale ya pwani ya bara na visiwa vilivyo karibu nayo ililima hasa mazao ya Kiafrika: mtama, uwele, na kunde. Komoro na Bukini zilikuwa mbali na hali hiyo; huko mpunga na choroko, mazao ya Asia, ndiyo yaliyotangulia. Yafaa msomaji aikumbuke tofauti hiyo, kwani yaonyesha kwamba hata kabla ya mji kuwa na msikiti wa mawe, sufuria, au tuseme chungu, ilikuwa na sura mbili katika bahari moja, na kila sura ilikuwa na nafaka yake na mbegu yake ya kuitowelea.

Neno kunde lenyewe ni la ukoo wa kale. Wataalamu wa lugha za Kibantu, na Guthrie miongoni mwao, wamelikuta katika lugha nyingi zilizo mbali mbali kiasi kwamba imewapasa kulihesabu kuwa la lugha mama. Hali kadhalika njugu. Hii ina maana kwamba watu waliozieneza lugha hizi walikuja na mbegu zao za kutowea zikiwa zimekwisha kupewa majina. Majina ya mbegu nyingine hayakutulia hivyo, na katika kutotulia kwake ndimo mna mafunzo.

Chukua njugu. Zamani neno hili lilikuwa la punje ngumu ya Kiafrika izaayo chini ya ardhi. Baada ya Wareno kufungua njia za bahari, ilifika punje nyingine kutoka Amerika ya Kusini, nayo pia huzaa chini ya ardhi, ni laini na ina mafuta mengi. Watu waliipa jina lile lile. Kisha, kwa kuwa mbegu mbili haziwezi kukaa katika jina moja bila kugombana, ya kale ikaitwa njugu mawe na mgeni akaitwa njugu nyasa. Halafu mgeni akapata jina jingine, karanga, ambalo husikika ndani yake kitendo cha kukaanga. Leo mwenyeji ndiye aliyebebeshwa sifa ya kumpambanua, na mgeni anatembea huru. Kwa Wakikuyu neno hilo hilo, njũgũ, ni jina la mbaazi, na Wakamba huita mbaazi nzuu.

Choroko ni mfano mwingine. Mswahili wa Tanzania akisema choroko ana maana ya punje ndogo ya kijani iliyotoka Bara Hindi. Katika Kikuyu thoroko ni kunde, na katika Kikamba nthooko ni kunde hizo hizo. Punje ya kijani Wakenya wengi huiita ndengu, na watu wa Mombasa huiita pojo. Lakini dengu za Mtanzania ni mbegu nyingine kabisa, kubwa zaidi, zenye ncha kama mdomo wa ndege. Maharage, au maharagwe kama yanavyoitwa sana Kenya, ni mgeni wa Amerika vile vile, ijapokuwa leo yameketi katika kiti cha mbele. Mtaalamu wa mimea ataona vurugu hapa. Mtaalamu wa lugha ataona kwamba majina yamehama kutoka mbegu hadi mbegu kwa urahisi namna hii kwa sababu waliozipika walizijua kwa kazi yake. Mbegu mpya ikija, ikilowekwa, ikichemshwa, ikatiwa tui na kuliwa kwa wali, basi imekwisha kuwa ya jamii, nayo yaweza kurithi jina la ndugu yake.

Kazi yenyewe ilikuwa nini? Hapa sayansi ya siku hizi yaweza kuleta hesabu ambayo wapishi hawakuihitaji. Kilo moja ya kunde kavu ina protini gramu 230 hivi, na mbaazi na maharage hayako mbali na kiasi hicho. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta ina gramu 200 au zaidi kidogo. Kwa hesabu hiyo kunde zashinda. Ila ni lazima ikumbukwe kwamba kunde zikipikwa hunywa maji na kuvimba, hata gramu 100 za kunde zilizoiva hubaki na protini gramu 8 tu au zaidi kidogo. Anayetowea kunde hana budi kula bakuli, ambapo anayekula nyama atatosheka na vipande. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji protini gramu 50 hivi kwa siku. Unga wa mahindi gramu 400 utampa zaidi ya gramu 30, na gramu 100 za maharage makavu zitampa 22 hivi. Kipimo kimetimia, wala mchinjaji hajaamka.

Lakini wingi peke yake hautoshi. Protini hujengwa kwa viungo viitwavyo asidi amino, na baadhi yake mwili hauwezi kujitengenezea. Nafaka ina upungufu wa kiungo kimoja, laisini, ambacho mbegu za kunde zinacho kwa wingi. Na kunde zina upungufu wa methionini, ambayo nafaka inayo. Zikiliwa pamoja kila moja huziba pengo la mwenziwe. Haya yalithibitishwa katika maabara za karne ya 20. Jikoni yalikuwa na majina zamani. Mseto ni mchele na choroko zilizopikwa pamoja hata zikapondeka. Pure ni mahindi na kunde au maharage, na tui likitiwa huwa chakula cha heshima. Makande ya Upare na Usambara, na githeri ya Wakikuyu, ni ndugu wa pure. Katika vyakula hivyo vyote mpishi ameondoa hata ule mpaka wa chakula na kitoweo, akavichanganya kabisa. Tui la nazi, ambalo wageni hudhani ndilo linalolishibisha bakuli la mbaazi, lina protini kidogo. Kazi yake ni mafuta na ladha, nayo si kazi ya kudharauliwa, kwani bila ladha watu hawarudii bakuli.

Kwa upande wa samaki, historia ya kitoweo cha bei nafuu ni historia ya kukausha. Samaki mbichi hakuwa na thamani saa chache kutoka pwani. Samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani, yaani ng'onda, aliweza kwenda safari ya majuma. Majahazi ya Oman na Hadhramauti yaliyokuja kwa pepo za kaskazi yalileta papa mkavu pamoja na tende, na papa huyo alinunuliwa vipande vipande katika masoko ya Unguja na Mombasa na watu ambao changu mbichi aliwashinda bei. Harufu yake ilichekwa na wenye nacho, na hapana shaka ilichekwa kwa sababu ilitangaza mtaani nani hana nacho. Pwani penyewe wanawake walikuwa na uvuvi wao. Bahari ikipwa walitoka kuokota chaza na kombe na kuchokoa pweza katika mashimo ya miamba, na mahali pengine walitanda nguo ndani ya maji kuzoa uduvi na dagaa. Uvuvi huu hauhitaji mashua wala mtaji, na labda ndiyo sababu waandishi wengi wa zamani hawakuuita uvuvi.

Dagaa ndiye mfalme wa habari hii. Richard Burton alipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 alimkuta katika soko, akamtaja katika kitabu chake cha 1860. Neno lina ukoo unaotambulikana. Warundi humwita indagala, na Kongo huitwa ndakala au ndagala. Kiswahili kimeiangusha l iliyo kati ya irabu mbili, kama kilivyofanya katika njaa, ambayo lugha za jirani huiita njala. Kitoweo nacho kimepita katika mlango huo huo, hata umbo la zamani la kitowelo laweza kukisiwa bila hofu kubwa. Samaki huyu wa ziwa Tanganyika huvuliwa usiku usio na mwezi kwa kuvutwa na mwanga. Hapo kale mwanga ulikuwa wa mwenge wa kuni au nyasi. Baadaye zikaja karabai, na siku hizi taa za betri. Huanikwa juu ya mchanga au mawe, na kwa jua zuri siku moja yatosha. Akikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, humpa mlaji chokaa ya mwili ambayo mnofu wa ng'ombe hauna. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, magunia ya dagaa yalipata njia ya kwenda mashariki, na kwa upande wa pili wa ziwa yalikwenda kuwalisha wachimbaji wa shaba wa Katanga.

Katika safari za bara neno jingine lilizaliwa na kukua, ambalo ni posho. Mpagazi wa msafara alipewa kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa na shanga za kununulia, na hiyo ndiyo posho yake. Kitoweo hakikuhesabiwa, alikitafuta mwenyewe. Utaratibu huo uliingia katika mashamba na migodi ya wakati wa ukoloni, ambako unga ulipimwa kwa mizani, na kilichoongezwa juu yake kilikuwa maharage zaidi kuliko nyama. Katika Uganda posho imekuwa jina la ugali wenyewe, na mtoto wa shule husema anakula posho na maharage. Katika Tanzania imekuwa jina la fedha apewazo mjumbe wa mkutano. Ni mara chache neno moja kugawanyika hivyo kati ya wenye njaa na walioshiba.

Mabadiliko makubwa zaidi hayakutokea katika kitoweo. Yalitokea katika chakula kikuu. Mtama na uwele zina protini ya kutosha kumsaidia mlaji hata siku ambayo kitoweo ni chumvi tu. Muhogo, uliokuja kutoka Amerika, huvumilia ukame na udongo mchovu, na kwa hiyo uliokoa maisha ya watu wengi. Lakini gramu 400 za unga wake hazitoi hata gramu 10 za protini. Kila hatua muhogo na ndizi zilipochukua mahali pa nafaka, kitoweo kilitwishwa mzigo ambao hakuwa nao zamani. Wapishi waliutambua kwa kuuchuma ule ule mmea juu na chini. Jani la muhogo lina protini nyingi kupita kiazi chake. Lakini lina sumu, na ni lazima litwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu. Ndicho kisamvu cha Watanzania na sombe ya Kongo, na Warundi na Wanyarwanda huita isombe. Kikitiwa karanga au kunde huwa kitoweo kamili. Kunde pia huliwa mara mbili, majani kwanza na punje baadaye, hata shamba moja likawa na kitoweo kabla ya mavuno na baada yake.

Sasa twende kwenye hukumu iliyotajwa hapo juu. Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walitoa taarifa yao juu ya afya ya Wamasai na Wakikuyu. Waliwapima maelfu ya watu, wakaona kwamba mwanamume wa Kimasai, alaye nyama, maziwa na damu, alimzidi wa Kikuyu kwa urefu wa inchi 5 na uzito wa ratili 23. Taarifa hiyo ilisomwa London na Geneva, na wengi walikumbuka hesabu hizo wakasahau mengine. Humo humo ndani ya taarifa imo habari kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi mengi kuliko waume zao, na afya yao katika mambo kadha ilikuwa bora. Habari ya wanawake haikufika mbali. Tena wakati huo huo Idara ya Kilimo ya Kenya ilikuwa ikiwahimiza wakulima kupanda maharage ya kuuzwa, ya aina kama Canadian Wonder na Rose Coco, na mbegu za zamani kama njahi, ambazo Wakikuyu waliwapa wanawake waliojifungua, zilipungua mashambani. Mwanahistoria Claire Robertson ameieleza habari hiyo kwa urefu katika makala yake ya 1997. Mkono mmoja wa serikali ulipima upungufu wa miili, na mwingine uliondoa kitoweo shambani. Na mikono hiyo miwili haikupata kusalimiana.

Kisha likaja jina kwashiorkor. Dk. Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo katika Gold Coast, Ghana ya leo, mwaka 1933, kwa watoto walioachishwa ziwa wakapewa uji wa mahindi mtupu, na mwaka 1935 akalichapa jina lake la lugha ya Kiga, ambalo ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake. Kiswahili kimelipokea kama kwashakoo, kikaongeza unyafuzi. Lakini Kiswahili kilikuwa na mtazamo wake tangu zamani. Mtoto aliyedhoofika kwa sababu wazazi hawakungoja muda wa kunyonyesha uishe aliitwa mtoto aliyebemendwa. Waganda nao wana obwosi, ugonjwa wa mtoto ambaye mama yake amepata mimba nyingine. Lugha tatu zisizo jirani zote zimeuona ugonjwa kwa wakati wake, yaani saa ya kuacha ziwa. Maelezo ya kubemenda yalimtwika mama lawama na aibu isiyo haki, na hilo halifai kutetewa; wakati wenyewe, hata hivyo, waliutaja sawasawa.

Taarifa ya Brock na Autret ya 1952, iliyotolewa kwa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani, iliufanya ukosefu wa protini kuwa shauri la dunia nzima. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kuna hatari ya njaa ya protini. Fedha zilitafutwa kwa unga wa samaki, kwa maziwa ya unga, hata kwa chachu iliyokuzwa juu ya mafuta ya petroli. Mwaka 1973 wataalamu wa mashirika hayo hayo walipunguza kipimo cha mahitaji ya mtu, na lile pengo kubwa likafifia kwa mstari mmoja wa kalamu. Mwaka uliofuata Donald McLaren aliandika katika gazeti la Lancet kwamba jambo lote lilikuwa kosa kubwa, kwani watoto wengi walikosa chakula chenyewe, si protini peke yake. McLaren alikuwa na haki kwa sehemu kubwa, ingawa ukali wake uliwafanya wengine wasahau kwamba penye muhogo mtupu, au ndizi tupu, protini hukosekana kweli.

Mulago, Kampala, ndipo palipopata njia ya katikati, nayo ilipatikana kwa kurudi jikoni. Kituo cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa mwaka 1965, kiliwafundisha akina mama kupika kitobero, yaani mchanganyiko wa matoke, maharage au karanga, na samaki mkavu, uliofungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Vitu vyote vilikuwa sokoni tayari, kwa bei ya mkulima. Mwenye sikio la lugha atashawishika kuweka kitobero kando ya kitowelo, kwani b ya Luganda na w ya Kiswahili hukutana mara nyingi. Ajizuie. Shina la Luganda ni la kuchanganya, shina la Kiswahili ni la kulia. Na sauti zikifanana hali maana zimeachana, hiyo si hati ya ukoo.

Mradi wa karanga wa Waingereza katika Tanganyika wafaa kutajwa hapa kwa ufupi tu, maana umesimuliwa sana. Kati ya 1947 na 1951 zilitumika pauni milioni 36 hivi huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, na mashamba yakashindwa. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba karanga hizo hazikukusudiwa kuwa kitoweo cha mtu yeyote wa nchi. Zilikusudiwa kukamuliwa mafuta kwa ajili ya Uingereza, katika ardhi ya Wagogo waliolima karanga na njugu zao kwa jembe la mkono kabla ya trekta kufika na baada ya kuondoka.

Habari ya sangara inafanana nayo. Samaki huyu alitiwa katika ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala samaki wadogo wa aina nyingi, na viwanda vikajengwa kando ya ziwa kupeleka minofu Ulaya. Yaliyobaki, yaani kichwa na uti wa mgongo, yalikaangwa na kuuzwa kwa wenyeji. Kisumu yalipewa jina la mgongo wazi, na Mwanza mapanki. Majina hayo yana mzaha mchungu ndani yake, na hakuna taarifa ya uchumi iliyoyaeleza mambo kwa ufupi kuliko hayo. Dagaa wa ziwa hilo, omena wa Wajaluo, alisalimika na sangara, akabaki kitoweo cha wengi. Lakini sehemu kubwa yake imekuwa ikisagwa kuwa chakula cha kuku, na mlaji maskini sasa anashindana sokoni na kuku.

Mbaazi nazo zilipata soko. Mkulima wa Tanzania alizilima zaidi na zaidi kwa kuuzia India, na mwaka 2017 India ilipoweka mpaka wa kiasi cha kuingizwa, bei iliporomoka na magunia yakabaki ghalani. Mombasa na Unguja, ambako mbaazi za nazi na mahamri ni chakula cha asubuhi, jambo hilo lingekuwa neema. Kwingineko mbaazi zilijulikana kwa bei yake kuliko kwa ladha yake, na watu hawakuwa na desturi ya kuzitowelea.

Maneno yenyewe yanaendelea na safari. Mseto umetoka jikoni ukaingia katika siasa, ukawa serikali ya vyama vilivyochanganyika, kisha ukaingia hospitali, ukawa dawa ya malaria ya viungo viwili. Vijana wengi wa mjini hawajui kwamba palikuwa na choroko ndani yake. Mboga, katika usemi wa Tanzania, imepanuka hata ikachukua mahali pa kitoweo, na mtu aweza kusema bila kucheka kwamba mboga ya leo ni samaki. Dengu imebaki na maana mbili katika nchi mbili. Kamusi ikiiandika bila kusema ni dengu ya Shinyanga au ya Machakos, mwalimu wa lishe aliyesomea Nairobi akifundisha Shinyanga atataja mbegu moja na wasikilizaji wake watanunua nyingine. Protini yake haitofautiani sana. Moto wake hutofautiana: choroko huiva upesi hata bila kulowekwa, dengu hutaka usiku mzima majini na kuni nyingi, na mama aliyebana kuni kwa kipimo cha mwalimu atafunua chungu na kuikuta punje bado ni ngumu.